MERMOZ: RUBANI ALIYEAMBIWA SARAKASI AKAFANYIE KWINGINE

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeshaanza kurusha ndege za watu ndiyo maana nimewasahau. Hapana jamani. Nilikwenda kwenye usaili, nikakataliwa. Kampuni siitaji, maana haikunikosea kitu, na nikiitaja mtaanza kuitukana kwenye maoni bure.

Kwa wale wageni humu: nimesomea urubani. Nilisoma Afrika Kusini, nikarudi na leseni ya biashara na saa 200 na ushee za kuruka. Hela ilitoka wapi? Mjomba aliuza kiwanja chake cha Kibaha, Mama akaongezea mkopo wa kikoba. Tangu nirudi nimetuma maombi mpaka kidole kimeota sugu. Safari hii nikaitwa. Mtihani wa kuandika nikapita. Kisha tukaingizwa kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza chumba cha rubani, wawili wawili. Mmoja anarusha, mwingine anamsaidia, halafu mnabadilishana.

Zamu yangu ya kurusha, tumetoka tu ardhini, wakatuzimia injini moja. Hapo utaratibu unajulikana. Anayerusha anashikilia ndege inyooke, wa pembeni anashughulika na vishikio, na kabla ya kukata chochote mnathibitishana kwa sauti kwamba hiki ndicho chenyewe. Mimi nikasema leo watanitambua. Nikainyoosha ndege, nikanyoosha mkono, nikakata injini mwenyewe, nikafanya kila kitu mwenyewe. Na injini niliyokata ilikuwa yenyewe, sikukosea! Natoka pale najisikia bingwa. Msimamizi, mzee mmoja mpole sana, akaniuliza swali moja tu: yule mwenzangu alikuwa amekaa pale kufanya nini?

Siku tisa baadaye ikaja barua pepe ya mistari minne. Niliisomea kafe, mashine ya kona, dakika zangu zikaisha nikiwa bado naitazama. Nililipa nusu saa nyingine ili niendelee kuitazama. Nyie acheni tu.

Sasa kwa nini nawaletea habari za Mfaransa aliyekufa 1936? Kwa sababu kwenye hiyo nusu saa ya pili, badala ya kulia, niliandika kwenye gugo maneno ya hovyo hovyo kuhusu marubani waliokataliwa kazi, nikakutana na Jean Mermoz. Jina nililisikia chuoni, kuna mkufunzi alikuwa akilitaja, lakini sikujua kwamba huyu jamaa naye alifelishwa kwenye jaribio la kazi. Tena kwa kosa ambalo nikilisoma naona aibu mimi.

Basi bwana, Mermoz kazaliwa 9 Desemba 1901, kijiji cha Aubenton, kaskazini mwa Ufaransa. Baba na mama walitengana akiwa mdogo, akalelewa zaidi na babu na bibi upande wa mama, watu wa msimamo mkali. Vita ya kwanza ya dunia ikawavuruga kama ilivyovuruga kila mtu upande ule. Baadaye akaenda Paris kuishi na mama yake, aliyekuwa muuguzi. Shule hakuwa mbaya, lakini ule mtihani mkubwa wa kumaliza sekondari, ambao kwa Wafaransa ndio mlango wa kila kitu, akashindwa. Mwaka 1920 akajiandikisha jeshini na kuchagua anga. Hapo tena msidhani alikuwa na kipaji cha kuzaliwa nacho kama wanavyopenda kuandika magazetini. Mtihani wa urubani nao hakuupata mara ya kwanza. Alipata leseni yake mwanzoni mwa 1921, kule Istres kusini mwa Ufaransa.

Jeshi likampeleka Syria, ambako Wafaransa walikuwa wakitawala wakati huo. Akarusha mamia ya saa juu ya jangwa kwenye ndege za mbao na kitambaa, injini ikafa angani, akatembea mchangani siku kadhaa na mwenzake mpaka wakapata watu. Aliporudi Ufaransa akakuta kambi, paredi na maofisa wa kukaguana vifungo. Hakuvumilia. Mwaka 1924 akaachana na jeshi akiwa na miaka 22, akaingia Paris na saa zake nyingi za kuruka, akijua makampuni yatamgombania.

Hakuna aliyemgombania.

Hapa ndipo nilipoanza kumsoma kwa makini. Vita iliacha Ufaransa na marubani kibao waliofundishwa haraka haraka, na sasa ndege za kiraia zilikuwa chache na kazi zake za kuhesabu. Mermoz akazunguka viwandani, akaandika barua, akajibiwa hapana au hakujibiwa kabisa. Hela ikaisha. Akafanya vibarua, ikiwemo kuandika anwani kwenye bahasha kwa malipo ya kiduchu, na ulinzi wa usiku. Akala kwenye vituo vya chakula cha bure, akalala kwenye mabweni ya masikini. Mama yake alikuwa mji ule ule, na hakutaka ajue hali yake. Mnaonielewa mtanielewa. Mimi mpaka jana Mjomba alikuwa anajua majibu bado hayajatoka.

Ikaja barua moja ya kumwita Toulouse, kwenye kampuni ya Pierre-Georges Latécoère. Huyu Latécoère alikuwa mwenye kiwanda cha ndege, na vita ilipoisha 1918 akapata wazo ambalo watu waliona la kichaa: kupeleka barua kwa ndege kutoka Toulouse, kupitia Hispania na Moroko, kufuata pwani ya Sahara mpaka Dakar, na baadaye kuvuka bahari mpaka Amerika ya Kusini. Kufikia 1924 ndege zake zilikuwa zinafika Casablanca. Aliyesimamia shughuli pale uwanja wa Montaudran alikuwa Didier Daurat, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Verdun, mtu mkavu, haongei sana, hacheki. Kwake barua ndiyo mfalme. Ukichelewesha barua unakatwa posho, hata kama ukungu ndio uliochelewesha.

Mermoz akafika pale Oktoba 1924. Alidhani atapewa ndege, akapewa ovaroli. Daurat alikuwa na utaratibu wake: kila rubani mpya, awe na medali kiasi gani, anaanzia karakana. Kuosha silinda kwa mafuta, kufungua injini, kufunga injini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na mafundi wanakucheka. (Antoine de Saint-Exupéry, yule aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, alipita karakana hiyo hiyo miaka miwili baadaye.) Daurat alikuwa na akili zake. Ndege za Breguet 14 walizotumia zilikuwa mabaki ya vita, injini zilikufa ovyo, na rubani angejikuta peke yake mlimani Hispania au jangwani. Asiyejua injini asingerudi.

Wiki zikapita, siku ya jaribio ikafika. Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi na kila msimuliaji anaongeza chumvi yake, lakini kiini ni kile kile. Marubani wapya wamepangwa pale, Daurat kasimama na sigara yake anatazama. Mermoz akapanda kwenye Breguet, akaondoka, na badala ya kuzunguka uwanja na kutua, akaanza mambo. Akaiinua ndege wima, akailaza ubavu, akaipindua, akapita chini juu ya mabanda, kila alichojifunza jeshini akakimwaga. Akatua vizuri kabisa. Akashuka akingoja pongezi. Wenzake walikuwa wanamtazama kwa jicho la kumhurumia, kumbe bosi alishaondoka zamani.

Alipomkuta, Daurat akamwambia kwamba hapo hawaajiri watu wa sarakasi. Kama anataka kupigiwa makofi aende kwenye maonyesho. Wao wanahitaji madereva wa basi.

Madereva wa basi, wadau! Mtu katoka vitani Syria anaambiwa awe kama dereva wa Mbagala! Nilicheka peke yangu pale kafe mpaka dada wa kaunta akanitazama, halafu nikanyamaza ghafla, maana nilimkumbuka yule mzee mpole na swali lake.

Mermoz akaenda kufungasha. Hasira zimempanda, sanduku anafunga anafungua. Daurat akamfuata. Hakumwomba msamaha wala hakumsifia. Alimhoji hoji kidogo, akaona kijana ana kiburi lakini hana uongo, akamwambia arudi kwenye ndege. Apande taratibu, azunguke kwa upana, atue kwa ulaini, basi. Mermoz akaenda akafanya hivyo hivyo, mzunguko wa kuchosha ambao mwanafunzi yeyote angeufanya. Akaajiriwa.

Nimeifikiria sana sehemu hii kuliko sehemu zote za kishujaa zinazofuata. Wengi wanaosimulia wanampa Daurat sifa kwa kumwita tena. Sawa. Mimi namfikiria Mermoz ndani ya ule mzunguko wa pili. Kalala njaa miezi, katukanwa mbele ya wenzake, na sasa anatakiwa aonyeshe kwamba anaweza kutoonyesha kitu. Wewe ungeweza? Mimi sijui. Na wengi wetu hatupati mzunguko wa pili siku ile ile, hilo nalo tuseme ukweli. Kampuni za siku hizi zina foleni ya watu 300 mlangoni, hakuna bosi anayekufuata ukiwa unafunga sanduku.

Baada ya hapo maisha yake yakaenda mbio. Alianza na njia ya Hispania, Toulouse mpaka Barcelona, kisha Málaga. Halafu akahamishiwa ile ya Casablanca mpaka Dakar, iliyofunguliwa 1925. Njia hiyo ilikuwa inaua. Ukipata hitilafu katikati unatua kwenye mchanga, na makabila ya jangwani ambayo hayakuwataka Wahispania wala Wafaransa kwenye ardhi yao, nawaelewa, yalikuwa yanakamata marubani na kudai fidia. Mermoz alikamatwa 1926, akakaa mateka kwa siku kadhaa, akakombolewa kwa fedha. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Kuanzia mwanzo wa kampuni mpaka mwisho wake walikufa zaidi ya watu 100 kwa ajili ya barua.

Mwaka 1927 kampuni ikabadilisha mwenyewe na jina, ikawa Aéropostale. Oktoba mwaka huo Mermoz na Élisée Négrin wakaruka kutoka Toulouse mpaka Saint-Louis ya Senegal bila kutua. Kisha akatumwa Amerika ya Kusini kuwa rubani mkuu. Kule akakuta tatizo: ndege zinasafiri mchana, usiku zimelala, meli na treni zinaendelea kutembea. Faida ya ndege inapotea kila jua likizama. Aprili 1928 akaanza kuruka usiku kati ya Rio na Buenos Aires, wakati viwanja havina taa. Walikuwa wanawasha moto wa petroli pembeni ya uwanja ili aone pa kutua. Akishafika yeye na asife, marubani wengine wakawa hawana kisingizio.

Machi 1929 ikawa zamu ya milima ya Andes, na fundi wake Alexandre Collenot. Ndege yao haikuweza kupanda juu kuliko vilele, ikabidi wapenye kati kati. Upepo ukawatupa chini kwenye tambarare nyembamba iliyozungukwa na magenge, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wakakaa pale siku nne kwenye baridi la kugandisha maji, Collenot akiunga mabomba yaliyopasuka kwa matambara na chochote alichopata. Mermoz akapunguza uzito wa ndege, wakaisukuma nyuma mpaka mwisho wa ile tambarare, akaiachia iteremke ikaruka ukingo wa genge, ikaanguka kidogo, ikashika hewa. Wakatoka.

Sasa tazameni. Huyu ndiye dereva wa basi. Ile sarakasi ya Montaudran ilimfaa siku hiyo, siwezi kusema haikumfaa. Lakini bila Collenot na zile mabomba angekuwa bado yuko pale mpaka leo. Na Mermoz aliweza kumsaidia fundi wake kwa sababu mikono yake ilishapita kwenye silinda za Toulouse.

Kilichompa jina duniani ni bahari. Barua zilikuwa zinafika Dakar kwa ndege, halafu zinapakiwa melini kuvuka mpaka Brazil, siku kadhaa zinapotea. Tarehe 12 Mei 1930 Mermoz, Jean Dabry aliyekuwa akipiga hesabu za njia, na Léopold Gimié wa redio, wakaondoka Saint-Louis na ndege ya kutua majini, Latécoère 28, ikiwa na zaidi ya kilo 100 za barua. Saa 21 hivi baadaye wakatua Natal, Brazil, kama kilomita 3,100. Njiani walipita kwenye ile mikanda ya mawingu ya ikweta ambapo mvua inashuka kama ukuta, joto linapikia watu ndani. Watu watatu, kila mmoja na kazi yake. Kurudi hakukuwa kuzuri. Pale Natal walihangaika wiki nyingi bila upepo wa kuwasaidia kuinuka, na walipofanikiwa mwezi Julai mafuta ya injini yakavuja, wakatua baharini karibu na meli. Barua zikaokolewa, wao wakaokolewa, ndege ikazama.

Akawa shujaa wa Ufaransa, picha kila mahali, wanawake wanamlilia. Kampuni lakini ikaingia matatani, 1931 ikawekwa chini ya mfilisi, na Daurat mwenyewe akafukuzwa 1932. Yaani yule aliyekuwa anawatisha watu kwa kazi zao, ya kwake ikaota mbawa. Mermoz alipigania Ufaransa isiachie njia ya Atlantiki, na Januari 1933 akavuka tena na ndege ya injini tatu iliyoitwa Arc-en-Ciel, safari hii kwa saa 14 na nusu hivi. Mwaka huo huo makampuni yakaunganishwa kuwa Air France.

Siasa zake sizipendi, na sitazificha. Miaka ya mwisho alijiunga na kundi la mrengo wa kulia la Croix-de-Feu, na mwaka 1936 lilipogeuka chama akawa makamu wa rais wake. Watu wa kule bado wanabishana kuhusu hilo.

Februari 1936 Collenot, fundi wa Andes, akapotea baharini na ndege yake kwenye Atlantiki ile ile. Desemba 7 mwaka huo, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 35, Mermoz akaondoka Dakar alfajiri na ndege kubwa ya injini nne, Croix-du-Sud, wakiwa watu watano. Propela ya injini moja ikasumbua, akarudi. Mafundi wakaitengeneza. Ndege nyingine hakukuwa nayo, barua zinangoja, na yeye hakupenda kungoja. Wakaondoka tena asubuhi. Kabla ya saa 5 asubuhi redio ya Dakar ikapokea ujumbe mfupi kwamba wanazima injini ya nyuma ya kulia. Basi. Hawajaonekana mpaka leo.

Dakar kuna mtaa unaitwa Mermoz, na shule. Kuna mdau aliyepo kule ataniambia kama vijana wa mtaa ule wanamjua ni nani.

Mimi nilipomaliza kusoma ilikuwa karibu saa tatu usiku na dada wa kaunta anazima mashine. Kesho yake nikamwandikia yule mzee mpole, si kuomba nifikiriwe tena, hapana. Nilimjibu swali lake. Nikamwambia mwenzangu alikuwa amekaa pale kunithibitishia injini, na mimi sikumpa nafasi. Hajanijibu mpaka naandika hapa, na sidhani kama atajibu.

Kuna karakana moja ya ndege ndogo hapa mjini wanatafuta watu wa kuosha ndege na kusaidia mafundi, mshahara wa kuchekesha. Jumatatu naanza. Chuo changu hakikunifundisha hata kubadilisha plagi ya injini, nikiri tu. Maombi ya urubani naendelea kutuma, kuna kampuni mbili zinafungua dirisha mwezi ujao.

Na jana usiku nilimpigia Mjomba. Nikamwamkia, nikamweleza yote, usaili, simuleta, barua ya mistari minne. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akaniuliza hizo ndege nitakazoosha zina ukubwa gani, na kama wanatoa chakula cha mchana.